Pesa ya likelemba (upatu) ninunulie mashine mpya ya kutengeneza picha?

BARUA

Jambo Papa Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 27, mpiga picha za harusi hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Nilianza kwa kumbebea taa mpiga picha mwingine. Sasa nina kamera yangu mwenyewe ya Canon, megapikseli 24, na wateja wananitafuta kwa sababu ninasafisha ngozi vizuri bila kumbadilisha mtu sura wala rangi yake.

Tatizo langu ni mashine. Ni laptop ya mitumba yenye Core i5 ya kizazi cha 6, RAM (memori ya kazi) ya GB 8, na diski ngumu ya TB 1, ile ya kuzunguka. Diski imebaki na nafasi ndogo sana, mstari wake umekuwa mwekundu. Picha nazirekebisha kwa programu za Lightroom Classic na Photoshop. Nikifungua picha moja, inavumilika. Nikishanakili leya (tabaka la picha) mara mbili ili nianze kazi ya ngozi, brashi inachelewa nyuma ya mkono: napaka, nangoja, ndipo rangi inatokea. Nikifungua picha ya tatu, dirisha linapauka na kuandika "Ne répond pas" (haijibu). Kwenye Lightroom, kuhama kutoka picha moja hadi nyingine ni kungoja mpaka ukungu uondoke. Feni inapiga kelele saa zote, na juzi mashine ilizimika yenyewe katikati ya kazi wakati umeme upo.

Bibi harusi wa mwezi uliopita bado anangoja albamu yake, na mama yake ananipigia simu kila asubuhi. Siwezi tena kupokea simu yake bila moyo kwenda mbio.

Muuza kompyuta mmoja wa mjini ameniambia dawa ni moja tu: laptop ya gemu yenye kadi kubwa ya picha (ile ya ndani inayochora kwenye skrini), dola 900. Mwezi ujao ni zamu yangu ya kupokea likelemba, nitapata dola 600, na shemeji yangu amekubali kunikopesha 300. Kaka yangu anasema niongeze RAM tu. Rafiki yangu anasema nifute Windows nianze upya. Pesa hiyo nilikuwa nimeikusudia kwa lensi ya pili na kodi ya chumba ninachotaka kukifanya studio. Nifanye nini?

Mpiga picha wa Katuba

JIBU

Mwanangu, usiende kwa muuzaji yule na pesa ya likelemba, na deni la shemeji liache kwanza. Laptop ya gemu si kitu kibaya, na siku moja huenda ukaihitaji. Lakini dalili ulizoniandikia hazisemi kadi ya picha. Zinasema diski, zinasema RAM, na ile ya kuzimika ghafla inasema joto. Mtu aliyekupa dawa ya dola 900 hakukuuliza hata swali moja kuhusu diski yako. Hilo peke yake lingenitosha kutoka dukani mwake.

Kabla ya kutoa hata franka moja, pima. Leo usiku fungua Photoshop, weka picha ileile inayokutesa, nakili leya zako kama kawaida, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la "Gestionnaire des tâches", linaloonyesha mashine inavyofanya kazi. Liweke pembeni, uanze kupaka brashi huku ukiangalia safu tatu: "Processeur", "Mémoire" na "Disque". Diski ikipanda 100% na kuganda hapo, huku prosesa ikiwa 20 au 30, ujue prosesa haina kosa, inangoja diski tu. Memori ikipita 90%, RAM imejaa na Windows imeanza kuazima nafasi kwenye diski. Ikiwa prosesa peke yake ndiyo iliyo juu na hizo mbili zimetulia, hapo ndipo tungeanza kuzungumza habari za mashine mpya.

Photoshop nayo ina kipimo chake ambacho wapiga picha wengi hawajawahi kukigusa. Chini kushoto ya dirisha la picha kuna mstari mdogo unaoonyesha ukubwa wa hati. Bonyeza mshale ulio pembeni yake, uchague "Efficacité" (ufanisi). Ikisoma 100%, kazi yote inafanyika ndani ya RAM. Ikishuka chini ya hapo, Photoshop imehamia kwenye diski. Ukikuta 60 wakati ule brashi inapochelewa, umepata jibu lako bila kumlipa fundi.

Nataka ulielewe jambo hili kwa hesabu, maana ukishalielewa hakuna muuzaji atakayekuyumbisha. Picha ya kamera yako ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Faili la JPEG unaloliona kwenye folda linaweza kuwa MB 8 au 10, lakini hilo limefinywa. Likifunguliwa, kila pikseli inadai baiti 3, moja kwa kila rangi, na picha inakuwa MB 72. Ukiitoa Lightroom kwenda Photoshop kwa biti 16, yaani baiti 2 kwa kila rangi, inakuwa MB 144. Nakili leya mara mbili kwa kazi ya ngozi, umefika MB 432, na hapo bado hatujahesabu historia ya kila hatua unayoweza kuirudia nyuma. Picha tatu za namna hiyo zikiwa wazi kwa pamoja zinakaribia GB 1.3. RAM yako ni 8, lakini Windows ina fungu lake, Lightroom ina lake, Chrome yenye WhatsApp na Facebook ina lake. Na kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa yako haina memori yake yenyewe, inakata kipande kutoka kwenye hizo hizo 8.

RAM ni meza ya fundi cherehani. Kitambaa kisipotosha mezani, anakipeleka stoo na kukifuata kila anapokihitaji. Stoo yako wewe ni diski ya kuzunguka, ambayo hata ikiwa nzima na yenye nafasi husoma karibu MB 100 kwa sekunde, na hupungua sana vipande vya faili vinapokuwa vimetawanyika. Yako imejaa, kwa hiyo vimetawanyika. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ile ya kawaida ya kiungio cha SATA, husoma karibu MB 500 kwa sekunde, na haina sindano ya kukimbia huku na huko kutafuta kipande kilichofichwa. Ndiyo maana nakuambia, kwa mashine yako pesa ya kwanza iende kwenye SSD. RAM ni ya pili.

Kabla ya kununua, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo uangalie afya ya diski uliyo nayo. Bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ukiona njano au nyekundu, acha kila kitu, unakili harusi zote mahali pengine usiku huohuo. Diski inayokufa nayo huanza kwa kuchelewa, na watu hudhani ni programu. Hili nakusihi kwa moyo wote, kwa sababu albamu iliyochelewa inaombewa radhi, lakini harusi iliyopotea hairudiwi.

SSD nunua ya inchi 2.5 ya SATA, GB 500 au zaidi, ikiwa mashine yako ina nafasi ya namna hiyo (nyingi za kizazi hicho zinayo). Bei yake haikaribii hata kidogo ile dola 900. Dukani chunga sana vitu vinavyoandikwa TB 2 kwa bei ya GB 128. Ndani yake mna chipu ndogo inayodanganya ukubwa wake, na faili zako za mwanzo zitafutwa kimyakimya ukiendelea kujaza. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw: inaijaza diski yote kisha inasoma tena kuhakikisha kila kitu kimo. Mwambie muuzaji utaipima kabla dhamana yake haijaisha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Windows na programu zako ziende kwenye SSD, pamoja na katalogi ya Lightroom (daftari la marekebisho yako) na harusi unayoifanyia kazi wiki hiyo. Harusi moja ya picha 1,000 za RAW (faili ghafi za kamera), kila moja MB 25 hadi 30, ni kama GB 30 tu, inatosha kabisa. Ile diski ya zamani, kama ni nzima, itie kwenye kasha la USB iwe ghala la kazi zilizokwisha. Ukiichomeka, tafuta tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu. Tundu la USB 2 hupitisha MB 30 au 40 tu kwa sekunde, na nimeona watu wakilaumu diski nzuri bure kwa sababu ya tundu. Kisomaji cha kadi ya kamera nacho ni vivyo hivyo.

Ushauri wa rafiki yako wa kuweka Windows upya utautimiza hapohapo, maana SSD itaanza safi. Na hapa niseme jambo ambalo huenda hukutaka kulisikia. Kama Photoshop yako ni ya "crack", yaani ya wizi, uliyopewa kwenye flashi, usiirudishe. Mara nyingine huja na kidudu kinachofanya kazi ya mtu mwingine ndani ya prosesa yako, nawe unasikia feni tu. Kama ada ya mwezi ya Adobe haiwezekani kwa sasa, darktable na RawTherapee ni za bure na halali kwa RAW, na GIMP kwa kazi ya leya. Zinahitaji kuzizoea, lakini albamu nzuri inatoka humo.

Sasa kaka yako na RAM yake. Hajakosea, amewahi tu. Kwenye "Gestionnaire des tâches", ukifungua sehemu ya memori, utaona imeandikwa "Emplacements utilisés" (nafasi zilizotumika). Ikiwa 1 sur 2, moja kati ya mbili, una bahati: ongeza kipande kingine cha GB 8, uwe na 16, kiwango ambacho Adobe wenyewe wanakipendekeza kwa Photoshop. Vipande viwili vinavyolingana pia vinaifanya kadi ya ndani ya picha ipumue, kwa kuwa memori inasomwa kwa njia mbili badala ya moja. Lakini mashine za kizazi cha 6 nyingine zinatumia RAM ya aina ya DDR3L na nyingine DDR4, na haziingiliani hata kwa nguvu: ya laptop ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na pengo lake liko mahali tofauti. Toa kile kilichomo uende nacho dukani mkononi. Usinunue kwa kutaja jina la laptop tu.

Mipangilio ya Photoshop haigharimu kitu, ifanye leo. Ingia "Édition", "Préférences", "Performances". Yenyewe hujichukulia 70% ya RAM. Usimsikilize anayekuambia upandishe hadi 100, kwa sababu Windows ikikosa hewa kila kitu kitakwama. "États d'historique" (hatua za kurudi nyuma) kwa kawaida ni 50, shusha hadi 20. Kwenye "Disques de travail", diski ambazo Photoshop inaazima nafasi, chagua SSD utakapokuwa nayo, na hakikisha ina nafasi tupu ya kutosha, GB 50 hivi. Ukimaliza picha moja, iunge leya, ihifadhi, ifunge, ndipo ufungue nyingine. Picha tatu wazi kwa pamoja hazikupi kasi yoyote, mkono wako ni mmoja.

Na hiyo biti 16, mwanangu, unaihitaji lini? Ukivuta sana anga au kivuli kizito, sawa. Kwa ngozi ambayo mwanga wake ulikuwa mzuri na rangi zimeshasawazishwa Lightroom, biti 8 zinatosha kwa albamu, nawe umepunguza mzigo kwa nusu. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 30 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 2362 kwa 3543 tu. Kamera yako inatoa zaidi ya hapo.

Kwenye Lightroom kuna kitu kilichotengenezwa kwa mashine kama yako: "Aperçus dynamiques". Ni nakala nyepesi za RAW, upande mrefu pikseli 2560, na unaweza kuzifanyia marekebisho karibu yote hata ghala lisipochomekwa. Ingiza harusi jioni umeme ukiwapo, mwambie Lightroom azitengeneze, ukalale. Kisha kwenye mapendeleo, upande wa "Performances", weka alama pale panaposema itumie nakala hizo badala ya faili asilia wakati wa kurekebisha. Ukungu ule unaongoja utapungua sana. Ukitoa picha za mwisho, itachukua faili asilia zenyewe, mradi diski imechomekwa, kwa hiyo ubora haupotei.

Tena usipeleke kila picha Photoshop. Lightroom haiandiki pikseli mpya, inaandika maagizo tu, ndiyo maana ni nyepesi. Rangi, mwanga, kukata pembe, hata madoa madogo ya uso, vyote vimalizie humo. Photoshop iwe ya zile picha chache za ukurasa mzima, za bibi harusi na za wazazi.

Umeme wa kwetu nao uupangie kazi. Laptop ikiwa kwenye betri hujipunguza kasi makusudi. Saa za giza zitumie kuchagua: kutupa waliofumba macho, kuweka nyota. Saa za umeme ziwe za ngozi na za kutoa faili, na uweke Windows kwenye "Performances élevées" (kasi ya juu). Kama betri yako imekufa kabisa na mashine inaishi kwa waya tu, ibadilishe kabla hata ya RAM. Umeme ukikatika wakati Lightroom inaandika katalogi, unaweza kupoteza marekebisho ya wiki nzima. Na usiwahi kufanya kazi moja kwa moja kwenye diski ya nje wakati jenereta ya jirani ndiyo inayokulisha.

Juu ya kuzimika. Tunajua vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, linavyoingia hata ndani ya kabati iliyofungwa. Katika feni linajikunja pamoja na nyuzi za nguo na kuziba mapezi ya shaba yanayotoa joto. Prosesa ikipata joto sana inajishusha kasi, na isipotosha, inazima. Kwenye "Gestionnaire des tâches", sehemu ya prosesa, angalia "Vitesse" (kasi): ikiwa kazi ni nzito na namba imeshuka chini ya GHz 1, chanzo ni joto au chaja. Ndiyo, chaja. Chaja ya wati 45 kwenye mashine iliyokuja na ya 65 inaifanya baadhi ya laptop ijibane, na mitumba mara nyingi huja na chaja isiyo yake. Soma kibandiko cha chini. Feni mpelekee fundi aifungue, aisafishe, abadilishe dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Ukijaribu mwenyewe kwa kupuliza, zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke kwa upepo. Na uache kufanyia kazi juu ya godoro, linaziba tundu la hewa.

Kwa haki ya muuzaji yule, kadi kubwa ya picha ina kazi yake. Lightroom ikisafisha chembechembe za picha za usiku kwa akili mnemba, kadi ndiyo inayobeba karibu kazi yote, na kwenye mashine yako picha moja inaweza kula dakika nyingi. Kama siku moja utapiga sherehe za usiku kila wiki na kuhitaji usafi huo kwa mamia ya picha, basi hesabu ya laptop yenye kadi itakuwa na maana. Kwa sasa chagua picha tano za ukumbini zinazostahili, uziache zifanye kazi ukiwa unakula.

Mashine yako pia ina mwisho wake. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha 6 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hiyo usiimwagie pesa nyingi. SSD utahama nayo, hata kama itakuwa ndani ya kasha la USB. RAM huenda isihame, ndiyo maana nimeiweka ya pili, na uinunue tu ikiwa baada ya SSD bado "Efficacité" inashuka ukiwa na picha moja wazi. Kinachobaki cha likelemba, lipa kile chumba. Studio inakuletea wateja wa kila siku, hata siku zisizo za harusi, na kutoka hapo mashine ijayo itanunuliwa bila shemeji.

Lakini kesho asubuhi mama wa bibi harusi akipiga simu, ipokee. Usimweleze habari za diski. Mwombe radhi, mtajie siku ambayo una hakika nayo, halafu chagua picha 20 bora, zimalizie ndani ya Lightroom, uzitoe kwa upande mrefu wa pikseli 2048, na umtumie Jumamosi hii. Kazi hiyo mashine yako inaiweza hata hivi ilivyo. Kisha niandikie ile namba ya "Efficacité" kabla ya SSD na baada yake, tuone kama RAM inahitajika kweli.